Roy Chadwick: Mhandisi Aliyeipa Bahari Macho ya Angani

Jina la Roy Chadwick, mhandisi wa Kiingereza aliyeongoza usanifu wa ndege katika kampuni ya Avro kwa karibu miaka 30, hutajwa zaidi pale inapozungumzwa ndege ya mabomu ya Lancaster iliyotumika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hata hivyo, sehemu ya kazi yake iliyodumu kuliko zote haikuwa ya kushambulia miji, bali ya kuangalia bahari. Ndege yake ndiyo iliyobeba rada katika majaribio ya mwaka 1937 yaliyothibitisha kwamba manowari inaweza kutafutwa kutoka angani hata pale macho ya binadamu yanaposhindwa. Ndege nyingine ya doria, ambayo usanifu wake aliuanzisha siku za mwisho za maisha yake, iliendelea kulinda anga na bahari hadi mwaka 1991, miaka 44 baada ya kifo chake.

Umuhimu wa ndege za aina hiyo unatokana na umbo la dunia. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mlinzi aliyesimama ufukweni haoni uso wa bahari zaidi ya kilomita 5 mbele yake. Aliyepanda juu ya mlingoti wenye urefu wa mita 20 huona kiasi cha kilomita 16. Ndege iliyo katika kimo cha mita 1,500 hufikisha upeo huo kilomita 138, na rada iliyomo ndani yake huweza kuona mbali zaidi kidogo, kwa kuwa mawimbi ya redio hupinda kiasi kufuata umbo la dunia. Rada iliyojengwa ardhini, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kuiona ndege ya adui inayoruka chini karibu na maji mpaka iwe imekaribia sana. Ndiyo maana mataifa yenye bahari kubwa ya kulinda yaliona haja ya kuipandisha rada angani, na hapo ndipo historia ya Chadwick inapoanza kugusa historia ya ulinzi wa baharini.

Roy Chadwick alizaliwa tarehe 30 Aprili, 1893, katika eneo la Farnworth, Widnes, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi wa mitambo. Kijana huyo hakupitia chuo kikuu. Mchana alijifunza kazi ya uchoraji wa michoro ya kihandisi katika kampuni ya British Westinghouse, eneo la Trafford Park mjini Manchester, na usiku alihudhuria masomo katika chuo cha ufundi cha mji huo. Kwa njia hiyo alijipatia elimu ya uhandisi huku akiwa tayari mfanyakazi.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 18, alijiunga na Alliott Verdon Roe, mwanzilishi wa Avro, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amerusha ndege iliyotengenezwa yote kwa vifaa vya Kiingereza. Wakati huo kampuni ilikuwa changa na wachoraji wake walihesabika kwa vidole. Chadwick alishiriki katika kazi zilizozaa Avro 504, ndege ya mwaka 1913 iliyotengenezwa kwa maelfu na kutumika kufundishia marubani wengi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1918 alipewa wadhifa wa msanifu mkuu wa kampuni. Alikuwa na miaka 25 tu.

Chadwick hakuwa msanifu wa kukaa ofisini na kuwaachia wengine hatari ya majaribio. Mwaka 1920 alikuwa akiiendesha mwenyewe Avro Baby, ndege ndogo aliyoisanifu, ilipoanguka naye na kumjeruhi vibaya. Alipopona alirejea kwenye meza yake ya michoro, na katika miaka iliyofuata aliendelea na desturi ya kupanda ndege zake zikiwa bado katika majaribio, ili asikie mwenyewe namna zinavyoitika. Desturi hiyo ilimjengea heshima miongoni mwa marubani na mafundi. Baadaye ndiyo iliyogharimu maisha yake.

Katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Avro ilitengeneza ndege za michezo, za mafunzo na za kijeshi, huku umiliki wake ukibadilika. Verdon Roe mwenyewe aliondoka mwaka 1928, lakini Chadwick alibaki. Mwaka 1933 shirika la Imperial Airways liliagiza ndege mbili ndogo za abiria zenye injini mbili. Chadwick alizisanifu zikiwa na bawa moja kila upande badala ya mabawa ya ghorofa yaliyokuwa ya kawaida wakati huo, na magurudumu yaliyoweza kukunjwa ndani wakati ndege iko angani.

Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa ikitafuta ndege ya kufanya doria katika pwani zake. Chadwick aliigeuza ndege ile ya abiria kuwa ya kijeshi, na tarehe 24 Machi, 1935 mfano wake wa kwanza uliruka. Ilipewa jina la Anson, kwa heshima ya George Anson, amiri wa karne ya 18. Mwaka 1936 ilianza kazi katika Jeshi la Anga la Uingereza, ikiwa ndege ya kwanza ya jeshi hilo yenye bawa moja kila upande na magurudumu ya kukunjwa. Ukunjaji huo haukuwa wa starehe, kwani mmoja wa wafanyakazi wa ndege alilazimika kuzungusha mpini kwa mkono zaidi ya mara 140 ili magurudumu yaingie ndani.

Kwa vipimo vya kivita, Anson haikuwa ndege ya kutisha. Mwendo wake ulikuwa wa wastani, silaha zake chache, na masafa yake hayakutosha kuivuka Bahari ya Kaskazini hadi pwani ya Norway na kurudi ikiwa na muda wa kutosha wa doria. Lakini ilikuwa tulivu hewani, yenye madirisha mapana na nafasi ya kutosha ndani kwa meza ya ramani na vifaa. Sifa hizo, ambazo zilitokana na asili yake ya kubeba abiria, ndizo zilizoifanya ifae kwa jambo ambalo msanifu wake hakulitarajia.

Mwaka 1937 kundi la wanasayansi wakiongozwa na Edward Bowen, kutoka kituo cha utafiti cha Bawdsey katika pwani ya mashariki ya Uingereza, lilikuwa likijaribu kuitengeneza rada ndogo inayoweza kuingia ndani ya ndege. Rada za wakati huo zilihitaji minara mirefu na majengo mazima. Bowen na wenzake walifanikiwa kupunguza ukubwa wa mitambo hiyo kwa kutumia mawimbi mafupi yenye urefu wa mita 1.25, kisha wakaifunga ndani ya Anson yenye namba K6260.

Tarehe 3 na 4 Septemba, 1937 ndege hiyo iliruka juu ya Bahari ya Kaskazini wakati meli za kivita za Uingereza zilipokuwa katika mazoezi. Siku ya pili hali ya hewa ilikuwa mbaya kiasi kwamba ndege nyingine zilizopangiwa kuzitafuta meli hizo zilishindwa kufanya kazi. Anson yenye rada ilipenya mawingu na kuigundua manowari ya kubeba ndege ya Courageous pamoja na msafara wake. Kioo cha rada kilionesha pia ndege zilizorushwa kutoka kwenye manowari hiyo. Katika safari moja, mambo mawili yaliyokuja kuwa taaluma kamili za kijeshi yalidhihirika, yaani kuzitafuta meli kwa rada kutoka angani, na kuzitambua ndege nyingine zikiwa bado mbali.

Chadwick hakuibuni rada hiyo, na sifa ya ugunduzi ni ya Bowen na wenzake. Mchango wake ulikuwa kutengeneza chombo kilichoweza kuibeba. Mtambo wa kuona mbali hauna faida bila ndege tulivu, yenye nafasi, inayoweza kukaa angani na kumrudisha nyumbani anayeutumia. Zaidi ya Anson 11,000 zilitengenezwa Uingereza na Canada hadi mwaka 1952, nyingi zikitumika kufundishia marubani na waongoza njia.

Wakati vita vikikaribia, Chadwick alikabidhiwa kazi kubwa zaidi, ambayo ni ndege nzito ya mabomu iliyopewa jina la Manchester. Iliruka mara ya kwanza Julai 1939 na kuingia jeshini mwishoni mwa 1940. Umbile lake lilikuwa zuri, lakini ilitegemea injini mbili za aina ya Vulture ambazo hazikuwa zimekomaa. Ziliharibika mara kwa mara zikiwa angani, na ndege ikibaki na injini moja haikuweza kuhimili uzito wake. Marubani na wenzao walipoteza maisha kwa sababu ya mitambo, si kwa risasi za adui.

Mamlaka zilifikiria kuiondoa ndege hiyo viwandani na kuilazimisha Avro itengeneze ndege ya kampuni nyingine. Chadwick na mkurugenzi wake, Roy Dobson, walikiri kwamba mpango wa injini mbili umeshindwa, kisha wakapendekeza kurefusha mabawa na kuweka injini nne za Merlin, ambazo uimara wake ulikuwa umekwisha kuthibitika. Kiwiliwili cha ndege kilibaki karibu vilevile. Ndege iliyotokana na marekebisho hayo iliruka tarehe 9 Januari, 1941 na kuitwa Lancaster. Jumla ya Lancaster 7,377 zilitengenezwa.

Lancaster ilimpa Chadwick umaarufu. Mwaka 1943 alitunukiwa nishani ya CBE, baada ya ndege hizo kufanyiwa marekebisho maalumu yaliyoziwezesha kubeba mabomu yaliyobomoa mabwawa ya bonde la Ruhr nchini Ujerumani usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei. Gharama ya usiku ule ilikuwa nzito kwa pande zote. Kati ya ndege 19 zilizoondoka, 8 hazikurudi na wanajeshi wa anga 53 walikufa, huku watu zaidi ya 1,000 wakifa maji mabondeni, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa kulazimishwa kutoka nchi zilizokaliwa na Ujerumani. Chuo Kikuu cha Manchester kilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1944, na hivyo kijana wa masomo ya usiku akaingia katika orodha ya wasomi wa mji wake.

Baharini, vita vilikuwa vimethibitisha kile kilichoonekana katika jaribio la mwaka 1937. Nyambizi za Ujerumani zilizama chini ya maji mchana na kuibuka usiku kuzishambulia meli za mizigo katika Bahari ya Atlantiki. Ndege za masafa marefu zenye rada zilipoongezeka, nyambizi hazikuwa tena na mahali salama pa kuibukia. Mwezi Mei 1943 pekee Ujerumani ilipoteza nyambizi zipatazo 40, zikiwamo nyingi zilizozamishwa na ndege, na mwishoni mwa mwezi huo ikaziondoa nyambizi zake katika njia kuu za Atlantiki ya Kaskazini.

Vita vilipokwisha, Uingereza ililazimika kurejesha Marekani ndege za doria za Liberator ilizokuwa imeazimwa. Pengo hilo lilizibwa kwa Lancaster zilizogeuzwa kuwa za doria na uokoaji baharini. Canada na Ufaransa nazo zilizitumia kwa kazi hiyo hadi miaka ya 1960. Lakini ndege iliyosanifiwa kubeba mabomu usiku haikuwa suluhisho la kudumu kwa watu wanaopaswa kukaa macho juu ya maji kwa saa nyingi.

Kwa hiyo, mwaka 1946 Chadwick na timu yake walianza kusanifu ndege mpya ya doria. Walichukua mabawa na magurudumu ya Lincoln, ndege ya mabomu iliyoifuata Lancaster, wakayaunganisha na kiwiliwili kipya kifupi na kipana zaidi. Waliweka injini nne za Griffon, kila moja ikizungusha jozi ya pangaboi zinazokwenda kinyume kwa kinyume. Ndani mlitengwa nafasi ya waendesha rada na waongoza njia, pamoja na jiko dogo na mahali pa kujinyoosha, kwa kuwa safari moja ingeweza kuzidi saa 14. Ilipewa jina la Shackleton, kwa kumbukumbu ya Ernest Shackleton, mvumbuzi wa safari za ncha ya kusini ya dunia.

Chadwick hakuiona ikiruka. Tarehe 23 Agosti, 1947 alikwenda katika uwanja wa Woodford, karibu na Manchester, kushiriki safari ya majaribio ya Tudor, ndege ya abiria ambayo Avro ilitarajia kuiuza baada ya vita. Kama kawaida yake, alipanda. Rubani alikuwa Bill Thorn, mmoja wa marubani wazoefu wa kampuni hiyo.

Kabla ya safari hiyo mafundi walikuwa wameifanyia ndege matengenezo yaliyohusu nyaya zinazoendesha vibawa vidogo vya nyuma ya mabawa, ambavyo kazi yake ni kuiinamisha ndege kulia au kushoto. Nyaya hizo zilirudishwa zikiwa zimepishana. Kwa sababu hiyo, rubani alipozungusha usukani kuelekea upande mmoja, ndege iliinama upande wa pili, na kadiri alivyojitahidi kuinyoosha ndivyo alivyoizidisha kuinama. Muda mfupi baada ya magurudumu kuacha ardhi, bawa liligusa chini na ndege ikavunjika. Watu wanne walipoteza maisha, wakiwamo Thorn na Chadwick. Msanifu huyo alikuwa na umri wa miaka 54. Aliacha mjane na mabinti wawili.

Kosa hilo lilikuwa dogo kwa ukubwa na kubwa kwa matokeo. Usukani wa ndege ile ulikuwa ukizunguka bila kukwama, na rubani anayeukagua kwa mkono tu asingeweza kugundua kasoro. Ili kuitambua, mtu wa pili alipaswa kusimama nje na kutazama kama kibawa kinapanda pale kinapotakiwa kupanda. Ndiyo sababu taratibu za matengenezo ya ndege husisitiza kwamba kazi yoyote inayogusa mfumo wa uongozaji ikaguliwe na mtu mwingine asiyekuwa aliyeifanya. Kanuni hiyo huweza kuonekana kama kupoteza muda hadi siku ambayo haikufuatwa.

Stuart Davies, mhandisi wa Avro aliyekuwa ndani ya Tudor hiyo na kunusurika, aliendeleza kazi iliyoachwa. Shackleton iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi, 1949 na kuanza kazi katika kikosi cha 120 mwaka 1951. Wazo jingine ambalo Chadwick alikuwa ameanza kulichora mwaka wa kifo chake, la ndege yenye mabawa ya pembetatu, lilizaa Vulcan, iliyoruka mwaka 1952 na ambayo baadhi yake zilitumika miaka ya 1970 kwa upelelezi wa baharini kwa rada.

Ndege alizoziacha Chadwick zilifika pia katika ukanda wa Afrika Mashariki na nchi jirani za Bahari ya Hindi, na huko hazikuja kama walinzi wa wananchi. Kati ya mwaka 1953 na 1955, ndege za Lincoln zilizokuwa na kituo Eastleigh, Nairobi, zilidondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa wakidai ardhi na uhuru. Shackleton zilizokuwa na kituo Aden zilitumika kati ya mwaka 1957 na 1959 kuwashambulia wafuasi wa Imamu katika milima ya Jebel Akhdar nchini Oman. Chombo kilichobuniwa kulinda njia za meli kilikuwa pia na nafasi ya mabomu, na aliyekituma ndiye aliyeamua kitatumikaje.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Beira. Tarehe 11 Novemba, 1965 serikali ya walowezi wachache ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia bila ridhaa ya Waafrika walio wengi. Aprili 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiruhusu Uingereza kuzizuia, hata kwa nguvu, meli zinazopeleka mafuta Beira nchini Msumbiji, ambako bomba liliyapeleka hadi Rhodesia. Shackleton ziliwekwa Majunga, Madagaska, na kuifanyia doria Mlango-Bahari wa Msumbiji ili kuzitambua meli za mafuta na kuziarifu manowari. Doria hiyo ya ndege iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ya manowari hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975.

Marubani walifanya kazi waliyotumwa, na bomba la Beira halikupata mafuta. Lakini mafuta yaliendelea kuifikia Rhodesia kupitia Afrika Kusini na bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, njia ambazo hakuna aliyetumwa kuzizuia. Ukombozi wa Zimbabwe ulipatikana mwaka 1980 kwa mapambano ya watu wake na msaada wa nchi za mstari wa mbele. Rada ya Shackleton ilikuwa na uwezo wa kuona mbali, lakini haikuweza kuona bandari ambayo wenye mamlaka hawakutaka itazamwe.

Mwaka 1972 Shackleton ilianza maisha mapya. Manowari kubwa za kubeba ndege za Uingereza zilikuwa zikielekea kustaafishwa, na pamoja nazo ndege ndogo zilizokuwa zikitoa tahadhari ya mapema. Rada za APS-20, ambazo asili yake ni miaka ya 1940 nchini Marekani, zilitolewa katika ndege hizo na kufungwa chini ya pua za Shackleton 12 kongwe. Kikosi cha 8 kilizitumia kutoka Scotland kuyaangalia mapito ya kaskazini, ambako ndege za Kisovieti zingeweza kuja zikiruka chini ya upeo wa rada za ardhini.

Mpango huo ulikusudiwa kuwa wa muda mfupi. Mwaka 1981 nusu ya ndege hizo ziliondolewa kazini. Mwaka uliofuata Uingereza iliingia vitani na Argentina katika visiwa vya Falkland bila ndege yoyote ya tahadhari inayoweza kufika huko. Tarehe 4 Mei, 1982 manowari ya Sheffield ilipigwa kwa kombora lililorushwa na ndege zilizokuwa zimekuja chini karibu na maji, na mabaharia 20 wakafa. Hesabu ile ya upeo wa macho na mviringo wa dunia, iliyokuwa ikijulikana tangu jaribio la Anson, ilikuwa imelipwa kwa maisha ya watu. Baada ya hapo rada zilifungwa haraka katika helikopta za Sea King.

Ndege iliyotarajiwa kuirithi Shackleton, Nimrod ya tahadhari ya mapema, ilishindikana kiufundi na mradi wake ukafutwa Desemba 1986 baada ya mamia ya mamilioni ya pauni kutumika. Shackleton sita za mwisho ziliendelea kuruka, zikiwa na injini za pistoni katika zama za ndege za jeti. Tarehe 30 Aprili, 1990, siku ambayo Chadwick angetimiza miaka 97, moja kati ya hizo iligonga kilima katika kisiwa cha Harris, Scotland, na wote 10 waliokuwamo wakapoteza maisha. Mwaka 1991 zilizobaki zilistaafishwa na nafasi yake kuchukuliwa na ndege za Sentry za Marekani.

Maisha ya Roy Chadwick yanabeba funzo kwa kila taasisi iliyokabidhiwa usalama wa watu. Manchester iliposhindwa, kosa lilikiriwa mapema na likarekebishwa, na jeshi likapata Lancaster. Nyaya za Tudor zilipopishana, hakuna aliyetazama mara ya pili, na aliyesanifu ndege zote hizo akafa katika uwanja wake mwenyewe. Ndege ya doria hutumwa kutazama mamia ya kilomita za bahari, lakini usalama wa waliomo ndani yake huanzia kwa fundi anayekaza waya na mwenzake anayesimama kando yake kuhakikisha.